Kwani Watoto Wako Mombasa?

Tuanze na jambo ambalo hakuna mtu hulisema kwa grupu ya WhatsApp wakati namba ya M-Pesa imeshawekwa na watu wameanza kutuma: mtoto mwenye saratani hasaidiki na uchovu wangu. Nikiendesha baiskeli kutoka Eastleigh hadi Mombasa, karibu kilomita 500, nifike pwani magoti yakilia na midomo imekauka, hakuna seli hata moja ya leukemia itakayoshtuka. Uchovu ni wangu. Picha ni zangu. Siku ya kupumzika kando ya bahari ni yangu pia. Kinachoweza kumfikia mtoto ni pesa, na hata hiyo haifiki kama hatukukaa chini mapema tukaulizana itaenda kulipia nini hasa.

Sisemi haya nikiwa nimekaa kibarazani nikitafuna miraa na kucheka wanaopita. Niko ndani kabisa. Mbogi yetu ni ndogo, wasee wanane wa mtaa: kuna muuza vitambaa, kuna kinyozi, kuna wa nduthi, na mimi ninayeandika makala za kulipwa kwa neno. Tunajiandaa kwa safari ya Mombasa ya siku nne, kuchangia watoto wanaotibiwa saratani hapa Nairobi. Kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunatoka First Avenue kabla lori hazijaanza kushusha mizigo na mikokoteni haijaziba njia. Pangani, Roysambu, Ruiru, Juja, Thika, kisha tunageuka. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 90.

Mazoezi yenyewe si siri. Unaongeza umbali kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki, kwa sababu goti likikasirika halisikii maombi. Unakula kabla ya njaa na unakunywa kabla ya kiu: ndizi, mahamri, maji yenye sukari na chumvi kidogo. Unajifunza kuziba tyubu gizani bila kulaumiana. Unajifunza kulisikia lori kabla hujaliona, maana Mombasa Road ndiyo ile. Kwenye Expressway, ile ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, baiskeli haziruhusiwi, kwa hivyo wewe na trela mnagawana ya chini.

Na karibu kila alfajiri, kwenye kile kipando cha Pangani, anatupita jamaa wa mkate. Yuko kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, kreti za mkate zimepangwa nyuma hadi zimempita kichwa. Hana helmeti, hana Strava, hana mtu wa kumtumia doo kwa kila kilomita. Kama kilomita zingekuwa sadaka, yule angekuwa walii kitambo. Mtaani watu huendesha baiskeli kila siku kwa sababu wana watoto wa kulisha, na hakuna aliyewahi kuwachapishia tisheti.

Basi hoja yangu ni moja, na nataka iwaudhi wanaostahili kuudhika: katika safari hizi za mchango tunahesabu kilomita za mtu asiyefaa. Za kuhesabiwa ni za mtoto.

Ukikaa Eastleigh unaziona kwa macho. Mabasi ya Garissa, Wajir na Mandera yanaondokea hapa na kufikia hapa. Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000, mara mbili ya safari yetu ya kishujaa. Ndani ya mabasi hayo, katikati ya wafanyabiashara na wanafunzi, huwa kuna mama, mtoto, na bahasha ya khaki yenye karatasi za hospitali. Wanashuka, wanatafuta jamaa wa ukoo au chumba cha bei ya chini, kesho yake wanapanga foleni. Wiki chache baadaye ni hivyo tena. Ni kweli sasa kuna vituo vya saratani vya mikoa huko Garissa, Nakuru na Mombasa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini madaktari waliobobea kwa saratani ya watoto bado ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na Eldoret. Kwa hivyo basi linaendelea kujaa.

Mama mmoja wa aina hiyo tulizungumza naye asubuhi moja tukiwa tumesimama kwa chai baada ya mazoezi, sisi na kaptura zetu za kubana, yeye na mtoto amelala mapajani. Mwenzetu anayejua Kisomali alimwamkia kwanza, kisha mimi nikauliza, "Mama, mmetoka mbali?" Mandera, akasema. Siku mbili njiani. Akatutazama, akazitazama baiskeli. "Na nyinyi wanangu, mnaenda wapi na hizi?" Nikamwambia tunajiandaa kwenda Mombasa, kusaidia watoto wagonjwa. Akafikiri kidogo.

"Kwani watoto wako Mombasa?"

Hakuwa anatania. Ni swali la mtu ambaye kwake safari hufanywa kuelekea alipo mgonjwa au ilipo dawa. Sisi tulikuwa tunaelekea baharini.

Sasa njoo kwa namba, kwa sababu hasira bila namba ni kelele. Leukemia inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa wote duniani waweze kupona. Na dawa nyingi zinazotumika si za ajabu. Kuna zilizokuwepo kabla ya wazazi wetu kuzaliwa. Kinachotofautisha mtoto wa huku na wa kule mara nyingi ni kama aligunduliwa mapema, na kama alifika kliniki mara ya kumi na tano jinsi alivyofika mara ya kwanza.

Huko Eldoret, utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi uliwafuatilia watoto 222 waliogunduliwa na saratani kati ya 2007 na 2009. Kati ya 180 ambao mwisho wao ulijulikana, 98 walikuwa wameacha matibabu njiani. Zaidi ya nusu. Soma tena: wameacha. Familia zilipoulizwa, sababu zilizotajwa sana ni pesa, kukosa bima, na usafiri. Hizo ni namba za miaka iliyopita, na bima imebadilika mara kadhaa tangu hapo. Lakini basi la Mandera halijawa la bure, na mama aliyeacha kibanda chake cha sokoni wiki mbili bado hakuna anayemlipa.

Hapo ndipo nauli inapokuwa dawa. Haina jina la Kilatini wala haitundikwi kwa dripu, lakini bila hiyo ile ya dripu inabaki hospitalini ikimngoja mtoto aliyeko nyumbani.

Hii maneno ya kuendesha baiskeli kwa ajili ya watoto wagonjwa tumeiona kwa wengine, na hakuna ubaya kuiga. Mwaka 2002 huko Denmark, waendesha baiskeli waliohusiana na kampuni ya juisi ya Rynkeby walikwenda hadi Paris, wakabakiwa na pesa za wadhamini, wakazipeleka hospitali ya Odense kwa watoto wenye saratani. Leo Team Rynkeby ni maelfu ya watu kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya wanaokwenda Paris kila mwaka. Ni jambo zuri. Lakini tazama limesimama juu ya nini. Mtoto wa Denmark analipiwa matibabu na serikali kabla mwendesha baiskeli hajanunua hata helmeti. Mchango wa kule ni sukari kwenye chai. Huku tumeiga baiskeli, tumeiga tisheti, tumejipatia na Paris yetu inaitwa Mombasa, lakini chai yenyewe haiko mezani.

Na hapa kwetu tuna mifano bora kuliko hiyo. Mater Heart Run imekuwapo tangu miaka ya 1990, na wengi wetu tumewahi kuvaa tisheti yake. Inafanya kazi kwa sababu inalingana na ugonjwa wenyewe: upasuaji wa moyo wa mtoto una bei, una siku, na ukienda vizuri mtoto anarudi shule. Unakimbia mara moja, analipiwa mara moja. Saratani haiko hivyo. Inataka pesa ndogo ndogo, kila wiki chache, kwa muda mrefu, bila kukosa. Kuichangia kwa sherehe moja kubwa ni kama kumlisha mtu pilau ya harusi halafu umwambie tuonane mwakani.

Halafu kuna Zack Kimotho. Mwaka 2012, akiwa amepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaenda Afrika Kusini, kilomita kama 4,000, ili nchi ichange milioni 250 za kujenga kituo cha majeraha ya uti wa mgongo. Kila aliyemwona kwa runinga alielewa bila kufafanuliwa. Alielekea Afrika Kusini kwa sababu huduma aliyoihitaji ilikuwa huko na haikuwa hapa. Kilomita zilikuwa za mgonjwa mwenyewe. Uelekeo wake ulikuwa hoja tosha.

Ukirudi nyuma zaidi, kuna Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unawaua watoto wa kanda hii. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, maili kama 10,000, hospitali baada ya hospitali, hadi Afrika Kusini. Walikuwa wanauliza swali moja: watoto wa namna hii mnawaona hapa? Jibu lilichora ramani ya ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake, na unaotibika. Hiyo nayo ilikuwa safari ndefu kwa ajili ya watoto wagonjwa. Tofauti na yetu ni kwamba wao walikwenda kuwatafuta.

Nawasikia wenzangu. "Bro, bila jasho watu hawatoi. Mtu hawezi kutuma soo tano kwa sababu umeandika 'nauli'. Anatuma kwa sababu amekuona Mtito Andei umechomeka jua." Sawa, hoja hiyo ina uzito. Jasho ni kengele, na kengele ina kazi yake. Lakini Eastleigh haikuhitaji kengele ya aina hiyo. Wasomali wa hapa wana qaaraan: mtu akipatwa na shida, ukoo, marafiki na majirani wanachangishana, wakati mwingine kabla jua halijazama, na hakuna anayevaa kaptura ya kubana. Wanatoa kwa sababu wanamjua mwenye shida au wanamjua anayemjua, na kwa sababu kesho atakayechangiwa anaweza kuwa wao. Wakenya wengine tunaita harambee, na kabla wanasiasa hawajaifanya jukwaa ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hivyo si kweli kwamba watu hawatoi bila kuona mtu akiteseka. Hawatoi kwa mtu wasiyemwamini. Jasho tumelifanya mbadala wa uaminifu, ndiyo maana bango lina kilomita ngapi lakini halina maelezo ya pesa.

Hata hivyo qaaraan na harambee zina udhaifu mmoja, na huo naujua kwa mwili wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Harambee ya nyumbani ilinilipia muhula wa kwanza, watu wakacheza na kupiga picha, shangazi zangu wakalia kwa furaha. Mchango wa mara moja ulinipeleka hadi darasani, ila haukuweza kunitoa na cheti. Hakuna aliyekosea; hivyo ndivyo mchango wa sherehe ulivyo, unajua kuanzisha na haujui kumalizia. Mimi nilipoacha nilipoteza digrii, na maisha yakaendelea. Mtoto wa leukemia akiacha mwaka wa pili, ugonjwa hausubiri apate karo.

Sasa kuna upande wa pili wa lawama, na huo ni wa serikali. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Kwa kaya, si kwa mgonjwa. Na mama wa kibanda anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kuanzia 3,600, au akope ili aulipe, kabla kadi haijafanya kazi. Huko Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Miaka zaidi ya 20 baadaye bado tunasubiri. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, hapa jirani, kwa kushindwa kulipa bili, ikasema kumzuilia mgonjwa hivyo ni kinyume cha sheria. Ilibidi jaji aseme jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua.

Kwa hivyo kuna wanaosema: acheni kuendesha baiskeli, mnaifichia serikali aibu. Nawaelewa, lakini sikubaliani. Mtoto aliyeko wodini leo hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao, na kijana aliyekuwa barabarani Juni 2024 anaweza kabisa kuchangia nauli Julai. Aibu ya serikali hufichwa pale tunapochanga kimya kimya na kushukuru wadhamini. Haifichwi tukiandika kwa herufi kubwa: hii shilingi 3,600 tumemlipia mama huyu kwa sababu nchi yake imeshindwa kumwona.

Ndani ya mbogi yetu tumegombana juu ya haya, na vizuri tumegombana. Kuna aliyeleta bajeti: tisheti, gari la kutusindikiza, vyumba vya kulala siku tatu, mpiga picha na droni. Ukijumlisha, ilipita nusu ya tulichotarajia kuchangisha. Kuna aliyeleta bango lenye mtoto asiye na nywele, macho makubwa, mrija puani. Nikauliza huyu ni nani. Hakuna aliyejua; alitoka mtandaoni. Mtoto wa mtu, amegeuzwa tangazo la safari yetu, na akipona atakuta uso wake kwenye simu za watu asiowajua mpaka azeeke.

Tumekubaliana machache, na nayaweka hapa ili wengine wanaojiandaa kwa safari kama hizi wayaibe. Kila mwendeshaji ajilipie: chakula chake, tyubu yake, chumba chake. Ambaye hana, alale msikitini, kanisani au kwa binamu wa rafiki huko Voi. Tuko na binamu kila mahali. Senti ya mchango isiguse baiskeli. Hakuna uso wa mtoto kwenye bango. Pesa zisikabidhiwe siku moja mbele ya kamera zikaisha. Zigawanywe kwa miezi, zilipie nauli za kwenda na kurudi, kitanda cha mama, na mchango wa bima kwa wale ambao kitengo cha hospitali cha ustawi wa jamii kinawajua, maana wao ndio wanajua nani hajaonekana kliniki. Na kila mwezi hesabu iwekwe wazi kwenye grupu ile ile iliyopokea namba ya M-Pesa: safari ngapi za mtoto zimelipiwa, za kutoka wapi.

Hiyo ndiyo namba ninayotaka tujisifu nayo. Tukifika pwani tukiwa tumeendesha kilomita 480 kila mmoja, hiyo ni habari ya magoti yetu. Lakini tukiweza kusema mchango huu umelipia kilomita 40,000 za mabasi ya Garissa, Mandera, Lodwar na Kisii, na watoto waliosafiri hizo kilomita bado wako kwenye ratiba ya dawa, hapo sasa tumefanya kitu.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa ndani ya mathree, na ambaye wiki ijayo utatumiwa bango la kukimbia, kutembea, kupanda mlima au kuendesha baiskeli kwa ajili ya watoto wagonjwa: usikasirike, na usipuuze. Uliza tu. Watoto wako wapi? Wanafikaje hospitali? Mara ya mwisho wamekosa kliniki ilikuwa kwa sababu gani, na hii pesa yangu itaizuia vipi mara ijayo? Anayejua majibu, mtumie hata soo moja, na mwezi ujao umtumie tena. Asiyejua, mwambie akajue kwanza. Bado ana muda. Mazoezi huchukua miezi.